Ukitaka Baridi, Njoo Asubuhi

Kwenye karatasi ya mazishi wameandika kwamba marehemu alikuwa fundi mwaminifu. Niliisoma mara mbili, kama ninavyosoma kila kitu, na mara ya pili neno lilikuwa bado liko pale pale, chini ya picha yake akiwa na suti ambayo sikuwahi kumwona nayo. Bintiye ndiye aliyeniletea karatasi hiyo dukani, akaketi kwenye kiti cha wateja, akaniomba kwa adabu niseme mawili matatu siku ya maziko kwa niaba ya wanafunzi wa mzee. "Shangazi Mariamu, wewe ndiye mwanamke wa kwanza mzee alifundisha hii kazi," akasema. "Dakika tatu tu. Watu wataguswa." Nikamwambia nitakuja. Alipoondoka niliiweka ile karatasi juu ya mizani ninayopimia mitungi ya gesi, pamoja na picha, pamoja na suti, pamoja na uaminifu wote. Mizani ikasoma sufuri. Ni mizani nzuri ile, haijawahi kunidanganya.

Sisi tulimwita Mzee Baridi, kwa sababu wakati huo ndiye peke yake aliyetengeneza AC za magari hapa Kitale, na nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipoingia gereji yake kuandika risiti. Gereji ilikuwa nyuma ya maduka ya vifaa vya shamba, karibu na msikiti, hata adhana ya adhuhuri ilipotoka tulijua chai ya saa nne imekwisha kuwa baridi na chakula kinakaribia. Chumba changu kilikuwa cha mabati, upana wa hatua nne na nusu, chenye dirisha moja la kutazama uwanja ambapo magari yalifunguliwa midomo. Nyuma yangu kulikuwa na stoo iliyozibwa kwa turubai, si ukuta, na turubai halizuii maneno. Kila alichosema mzee stooni nilikisikia, hata alichojisemea mwenyewe. Nilikuwa na meza, kalamu, birika, na kazi ya kuwaambia wateja kwamba fundi anakuja sasa hivi. Geji za kupimia shinikizo la gesi zilikuwa zimetundikwa msumarini uwanjani, ya bluu na ya nyekundu, na mimi sikuruhusiwa kuzigusa. Mzee alisema mikono ya wanawake ina mafuta ya nywele.

Asiyeijua Kitale hataelewa jinsi mtu anavyoweza kuishi kwa kuuza baridi kwa watu ambao tayari wanayo. Hapa asubuhi unavaa sweta. Mtu wa hapa hawashi AC mwaka mzima, anafungua kioo kidogo, basi. Na hapo ndipo ugonjwa unapoanzia, maana mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, na AC isipowashwa mafuta hulala chini, zile pete za mpira kwenye maungio hukauka kama ngozi ya kisigino, na gesi hutoroka polepole bila kuaga. Halafu unafika mwezi wa kumi na mbili, mwenye gari anataka kushuka Kisumu au kwenda pwani na watoto, anabonyeza kile kitufe mara ya kwanza tangu Krismasi iliyopita, na kinachotoka ni pumzi ya ng'ombe. Anakimbilia kwa Mzee Baridi. Mzee anafungua boneti, anatikisa kichwa, anasema gesi imeisha, acha gari, njoo kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alikuwa na usemi wake alioupenda sana: ukitaka baridi, njoo asubuhi. Wateja waliuona ni uchapakazi.

Nilichukua miezi miwili kuelewa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Kitale, ukungu bado uko juu ya paa, hata tanuri ukilifungulia feni litatoa hewa baridi. Mzee alimwambia mteja aweke kiganja kwenye tundu la hewa, mteja akaweka, akacheka, "Aii, mzee, hii sasa ni friji," akalipa, akaenda zake. Ndani ya ile AC hamkuwa na kitu. Gari lilikuwa limeoshwa tu. Ukweli uliwangoja njiani, walipoteremka kuelekea Webuye na Bungoma, jua likapanda na joto likawaingia hadi shingoni. Wengine hawakurudi. Wengine walirudi na hasira, na mzee akawaambia barabara ina mashimo, imelegeza maungio. Ningali nashangaa jinsi tulivyolicheka jambo hilo. Mimi nililicheka pia. Mwizi akiwa mcheshi, na wewe hulipi, unaona ni kipaji.

Fundi wa pili alikuwa Wekesa, kijana wa Myanga, upande wa Bungoma, mrefu, mpole, mwenye umri kama wangu. Nasema fundi wa pili kwa heshima ya marehemu, maana kazi yote ilifanywa na Wekesa. Ni yeye aliyenionyesha, mzee akiwa ameenda kula, kwamba kondensa iliyo mbele ya redieta hukusanya makapi ya mahindi wakati wa mavuno, na kwamba haioshwi kwa maji ya nguvu kwa sababu mapezi yake ni laini kama karatasi. Unachukua brashi ya kufulia na maji ya ndoo, unatoka juu kwenda chini, pole pole, kama unamwosha mtoto. Ni yeye aliyeniambia kabla ya kujaza gesi lazima ufyonze hewa yote kwa pampu nusu saa nzima, kisha uzime, ukae, utazame mshale wa geji. Mshale ukisimama, maungio yako salama. Ukipanda hata kidogo, kuna tundu, na ukiweka gesi unaimwaga hewani. Kila Jumatatu alirudi kutoka kwao na viazi vitamu vilivyochemshwa, vimefungwa kwenye gazeti, tukavila kwa chai dirishani, yeye nje, mimi ndani. Aliongea kidogo. Kwao walilima tumbaku, na utoto wake wote aliupitisha akichochea moto kwenye vibanda vya kukaushia majani, moshi ukimwingia kifuani. Hakuweza kukaa karibu na mtu anayevuta sigara. Alikohoa hadi machozi. Dereva mmoja wa lori alimtania, "Wewe mtoto wa tumbaku, unaogopa mama yako?" Wekesa akacheka, akahamia upande wa pili wa gari, akaendelea kukohoa. Naomba hilo likumbukwe. Sitalirudia.

Mwezi wa kumi na moja malalamiko yakapungua ghafla. Magari yalianza kutoka mchana, na yalikuwa baridi kweli kweli, baridi ya kuumiza meno. Nilipaswa kufurahi. Lakini mimi ni mtu wa kuhesabu, siwezi kuona kitu kimepangwa mstari nikakiacha. Makopo matupu ya gesi yalitupwa kwenye pipa kando ya choo. Kitabu changu cha risiti kilisema magari kumi na moja, na kila gari hula angalau kopo moja. Pipa lilisema makopo matatu. Nikahesabu tena. Kumi na moja, matatu. Na stooni, nyuma ya turubai, kulikuwa na mtungi wa gesi ya kupikia uliobadilishwa kila wiki, ilhali chakula chetu kilipikwa kwa jiko la makaa, tena mimi ndiye niliyekipuliza. Uwanja ulianza kuwa na harufu. Wekesa aliuliza. Mzee akamwambia gesi mpya za siku hizi ndivyo zinavyonuka, na Wekesa, aliyelelewa kumwamini mkubwa, akaamini.

Hapa ndipo nafika mahali ambapo hasira yangu inakosa pa kwenda. Sikumwendea Wekesa. Nilimwendea mzee. Nilimkuta akila chapati na maharagwe juu ya boksi la betri, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba nimeona magari kumi na moja na makopo matatu, na kwamba mtungi wa jikoni unafanya kazi ngumu sana kwa mtungi usiopika. Alitafuna hadi akamaliza. Akaniambia gesi ni gesi, kwani haipozi? Nikakubali inapoza. Na ndiyo shida yenyewe, inapoza vizuri kuliko ile halali. Akaniuliza, "Sasa unataka nini, binti?" Nikasema nataka geji. Nataka kutoka dirishani, nifundishwe kazi kama fundi. Akasema sawa. Hakunivuta huku wala kule, hakuniita mlafi, hakusema ngoja nifikirie. Tangu hapo nimefanya biashara maisha yangu yote na nawaambia bure: mtu akikubali bei ya kwanza, jua umeuza kwa hasara. Aliongeza jambo moja tu, akifuta vidole kwa chapati. "Na Wekesa asijue. Huyo ana mdomo wa kanisani." Nikasema hatajua.

Kulikuwa na njia ya zamani ya kutafuta tundu, aliyojifunza mzee ujanani na kumfundisha Wekesa. Unachukua taa ndogo ya moto yenye kipande cha shaba, unaipitisha polepole kando ya mabomba. Gesi ya zamani ikigusa ule moto, moto unageuka kijani. Ni jambo la kupendeza kulitazama, na moshi wake ni sumu, lakini hilo hakuna aliyetuambia. Fundi mwingine angetumia povu la sabuni, anapaka kwenye maungio, anaangalia panapotoa mapovu. Mzee alisema povu ni la wafua nguo. Nilikuja kujua miaka baadaye kwamba gesi mpya haigeuzi moto rangi yoyote. Kwa hiyo siku zote zile Wekesa alikuwa akitafuta kijani ambacho kisingekuja, na kila alipokikosa mzee alimwambia hajakaza macho.

Mwalimu mmoja wa Saboti alirudisha gari lake wiki ya pili ya mwezi wa kumi na mbili, kama saa nne asubuhi. Lilikuwa na baridi siku tano, kisha likafa. Mwalimu mwenyewe alikaa kwenye benchi na gazeti. Mzee alikuwa na kikombe cha chai mkononi, akapaza sauti kwa Wekesa atafute mahali linapovuja. Basi. Hakusema linavuja nini. Nadhani alikuwa amekwisha kusahau gari gani alilitia nini. Aliyekuwa akihesabu ni mimi. Wekesa akaingia nusu mwili chini ya dashibodi, ambako kuna lile kasha linalopoza hewa, na vioo vyote vilikuwa vimefungwa tangu Saboti kwa sababu ya vumbi. Nilimwona kutoka dirishani akinyoosha mkono kuchukua ile taa. Nikajua kuna kitu ninachopaswa kusema. Lakini nilitaka kuwa na uhakika. Lile lilikuwa gari la sita au la saba la mwezi ule? Maana la sita lilipata kopo halali, niliona kwa macho yangu. La saba ndilo lililopata mtungi. Nikahesabu. La kwanza lilikuwa pikapu ya muuza maziwa, la pili la daktari wa mifugo, nikafika la saba. Likawa ni hilo. Na kwa sababu mimi ni mimi, nikaanza kuhesabu mara ya pili.

Nilikuwa nimefika la nne.

Halikulia kama bomu. Lilitoa sauti kama mtu anakung'uta blanketi zito mara moja. Vioo vilipeperuka nje, na Wekesa akatoka kinyumenyume, kimya kabisa, amenyoosha mikono mbele yake kama mtu aliyebeba sinia. Mwalimu ndiye aliyemvika koti lake. Watu walikuja kutoka maduka ya vifaa, mmoja akiwa na mchanga, mwingine na maji, wakazima gari. Kisha wakasimama, na nikawahesabu, kumi na wanne, na mimi wa kumi na tano. Mzee alikuwa bado ameshika kikombe. Akaweka kikombe chini, akasema kwa masikitiko makubwa, "Nimemkataza sigara huyu kijana. Nimemkataza mara ngapi." Mtu mmoja akaguna, "Si hawa ni wa huko kwa tumbaku, bana." Na hapo likakubalika. Ilichukua muda mfupi kuliko kupika chai. Wekesa alikuwa ameketi kwenye kokoto akitazama mikono yake. Aliinua uso akanitazama mimi, si mzee.

Mwalimu hakuridhika. Alikuwa mtu wa kusahihisha. Akaja hadi dirishani kwangu na kuniuliza mbele ya wote, "Wewe binti ulikuwa hapa. Alikuwa anavuta?"

Nikasema, "Sikuona vizuri, mwalimu."

Kesho yake mzee alizitoa geji msumarini akanikabidhi. Wekesa alilazwa majuma kadhaa, kisha akarudi kwao Myanga, na hakuna gereji Kitale iliyotaka kijana anayevuta sigara kando ya petroli. Mzee aliacha mtungi wa kupikia, tuseme ukweli, aliogopa. Akaanza kununua makopo. Akaheshimika. Nami nikajifunza, nikafungua mahali pangu, nikawalea wanangu kwa ile kazi, na kila gari ninalolijaza nalipima kwa gramu, narudia kupima, na vijana wangu hunicheka kisirisiri. Geji zile zingali ukutani. Hazitumiki. Sijaweza kuzitupa wala kuzitazama.

Siku mbili kabla ya maziko niliendesha hadi Bungoma. Nilijua gereji ya Wekesa ilipo. Nimejua miaka mingi, nimepita mbele yake mara nyingi nikielekea mpakani Lwakhakha kununua vifaa, na kila mara nikakumbuka kwamba nimechelewa. Nilifika saa tano, jua limeshika. Kulikuwa na magari manne uwanjani na kibao cha mbao: GARI HUTOKA SAA SABA MCHANA. Mteja mmoja alikuwa akilalamika ana haraka. Wekesa, mwenye mvi sasa, alimjibu bila kuinua sauti kwamba baridi ya asubuhi ni ya Mungu, yeye analipwa ile ya saa saba, na akachomeka kipimajoto kwenye tundu la hewa ili mtu ajisomee. Kisha akageuka akaniona. Hakushtuka. Alitazama gari langu kwanza, akainama mbele ya redieta. "Fundi wa AC wa Kitale," akasema, "na yako inapumua makapi." Akaniletea chai mwenyewe. Alikibeba kikombe katikati ya viganja viwili, kwa sababu vidole vya mkono wa kushoto vimeshikana tangu ule moto.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Kiminini. Nikamwambia yote: makopo, mtungi, chapati na maharagwe, geji, gari la saba. Nikamwambia hata kuhusu kuhesabu mara ya pili. Alisikiliza kama anavyosikiliza kompresa, kichwa kimeinama upande mmoja. Nilipofika kwenye msamaha akanizuia.

"Mariamu, unaniambia mimi kitu najua. Nilikuwa ndani ya ile gari. Najua sikuwa na sigara." Akaweka kikombe chake chini, taratibu. "Mama yangu alikufa akiniuliza kama ni ukweli. Si mimi uliambia. Uliambia wale. Enda uambie wale."

Nikasema wengi wamekufa. Akasema wengine wako. Nikasema marehemu hasemwi vibaya siku ya maziko yake. Wekesa akasema na yeye alisemwa akiwa hai, akiwa ameketi hapo hapo kwenye kokoto. Akachukua brashi ya kufulia na ndoo, akanioshea kondensa kutoka juu kwenda chini, hakuniruhusu nimsaidie, na hakunisindikiza.

Maziko yalikuwa na hema tatu na vipaza sauti. Kasisi alisema uaminifu mara nne. Jirani akasema mzee alikuwa na subira na vijana. Nilihesabu waliokuwepo siku ile ya moto: watano, wanne safu ya pili na mwalimu wa Saboti nyuma kabisa, mzee sana sasa, fimbo katikati ya magoti. MC akaniita, mwanafunzi wa mzee, fahari ya kina mama, akanipa kipaza sauti na kuniambia dakika tatu. Sikuhitaji tatu. Nilisema kwamba aliyenifundisha kazi anaitwa Wekesa. Nikasema gari la mwalimu lilikuwa limejazwa gesi ya kupikia, mzee alijua, na mimi nilijua, na nilinyamaza ili nipewe geji. Nikasema Wekesa hakuvuta sigara.

Bintiye alikuwa ameshika mdomo. Safu ya pili ilikuwa inatazama nyasi. MC alinyoosha mkono kuchukua kipaza sauti, akaniuliza kwa upole kama mama amemaliza. Nikatazama nyuma. Mwalimu alikuwa ameweka kiganja sikioni, anamuuliza kijana aliyeketi naye nimesema nini, na yule kijana anaogopa kumwambia. Nikamwambia MC bado kidogo. Nikakisogeza kipaza sauti karibu na mdomo, nikasema tena.